MGONJWA WA JANA APEWE KAZI LEO

Ndugu zetu wananchi, twataka kusema leo juu ya watu ambao tukikutana nao njiani twageuza uso. Ni wale waliougua akili, wakatibiwa, wakarudi nyumbani. Wamepona au wanaendelea kupona, lakini sisi twawaita vichaa mpaka wanakufa. Kazi hawapati, uchumba hawapati, na wakisema neno la maana mkutanoni watu wanacheka. Chama kinachohubiri usawa wa binadamu hakiwezi kulinyamazia jambo hili.

Tukumbuke dharau hii tuliipata wapi. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hata 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai kwamba akili ya Mwafrika yafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo! Mwaka uliofuata akaandika kwa ajili ya Serikali ya Kikoloni ya Kenya kwamba Mau Mau ni matatizo ya akili. Yaani mtu akidai ardhi yake, ati ni mgonjwa. Sisi tuliokataa kudharauliwa kwa jina la akili, kwa nini twamdharau ndugu yetu kwa jina hilo hilo?

Waafrika wenzetu walikwisha kuonyesha njia nyingine. Kule Aro, Nigeria, kuanzia 1954, Daktari Thomas Adeoye Lambo aliwapangisha wagonjwa katika vijiji vya jirani pamoja na jamaa zao, wakatibiwa huku wakiishi kama watu. Na hapa kwetu, hospitali ya Butabika, Kampala, imewafunza watu waliopata kuugua wawasaidie wagonjwa wenzao. Mwaka 2018 kazi ya namna hiyo ilianza pia Dar es Salaam, kwa ushirika na Kampala, Ujerumani, India na Israeli. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitoa mwongozo juu ya msaada huu wa mtu kwa mwenzake.

Sababu yake si ngumu. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Daktari anajua dawa, na dawa twaitaka. Lakini nani atamwambia kijana aliyetoka wodini jana namna ya kuvumilia usingizi wa dawa, namna ya kujibu majirani, namna ya kuamka asubuhi ambapo hataki kuishi? Ni yule aliyeyapita. Mgonjwa akimwona mtu huyo amekaa mbele yake, amevaa vizuri, ana kazi, anapata tumaini ambalo hakuna kidonge kinachoweza kumpa.

Lakini kuugua peke yake si ujuzi. Lazima mtu afunzwe kusikiliza pasipo kuamuru, kutunza siri, kueleza habari zake kwa faida ya mgonjwa wala si kwa kujiondolea mzigo wake mwenyewe, na kujua saa ya kumwita mwuguzi. Tena baada ya mafunzo asiachwe peke yake. Awe na mtu wa kukutana naye mara kwa mara amweleze mazito anayobeba, na awe na wenzake kazini, maana mmoja peke yake kati ya madaktari atageuzwa tarishi.

Na alipwe! Kumpa nauli na kikombe cha chai si ajira. Mkoloni naye alitutumikisha akasema anatufundisha. Kazi hii iwe na cheo chake, mshahara wake na likizo yake.

Wako watakaouliza, je, akiugua tena? Twawajibu: mwuguzi akipata malaria hafukuzwi kazi, hupumzika akarudi. Na huyu vivyo hivyo.

Wengine watasema fedha hakuna. Lakini mgonjwa anayerudishwa wodini kila mara kwa sababu nyumbani hakuna wa kumshika mkono, je, huyo hagharimu? Tanzania, Kenya na Uganda zote zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu. Sahihi imewekwa, sasa twataka vitendo.

Basi wanachama, msingoje Serikali peke yake. Katika mkutano ujao wa tawi, ulizeni: katika mtaa wetu ni nani aliyerudi kutoka hospitali ya akili, na nani amekwenda kumwamkia? Mwalikeni, mpeni nafasi ya kusema, na anayecheka aonywe na mwenyekiti mbele ya watu. Kisha andikeni kwa diwani na kwa mbunge wenu, mkitaka nafasi hizi za kazi ziwekwe katika bajeti ya afya ya wilaya. Sisi hatutachoka kuuliza majibu yao.