UCHAMBUZI: Amana ya ardhi ya wafugaji imo mikononi mwa nani?

UAMUZI wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi wa Januari 2025, kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab katika Kaunti ya Isiolo zilianzishwa kinyume cha Katiba, unaweza kusomwa kwa namna mbili. Ipo namna ya haraka, inayosema kuwa uhifadhi wa wanyamapori kwenye ardhi ya jamii umeshindwa kesi. Na ipo namna ya pili, ambayo mwandishi huyu anaiona kuwa ndiyo sahihi: kilichoshindwa ni mtindo wa kuwawekea watu amana bila kuwauliza.

Wakazi 165 ndio waliofika kortini mwaka wa 2021 kulishtaki shirika la Northern Rangelands Trust, na lalama yao kubwa ilikuwa kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Hawakwenda kuomba ruhusa ya kuwaua twiga.

Neno lenyewe amana si geni katika historia ya ardhi nchini. Kabla ya Katiba ya 2010, maeneo makubwa ya wafugaji yaliitwa ardhi ya amana, na waliokabidhiwa walikuwa mabaraza ya kaunti. Diwani alitarajiwa kuilinda ardhi hiyo kwa niaba ya mkazi. Tume ya Ndung'u, iliyowasilisha ripoti yake mwaka wa 2004, ilionyesha jinsi mabaraza hayo yalivyoigawa kinyume cha sheria na kuwanufaisha wachache. Fisi alikuwa amepewa bucha.

Njia ya pili ilikuwa ranchi za vikundi, chini ya sheria ya 1968. Hapa wafugaji walipata hatimiliki moja ya pamoja, nao wawakilishi wachache wakachaguliwa kuisimamia. Wazo halikuwa baya. Lakini wawakilishi wengine walikaa mamlakani miaka na mikaka bila mkutano, na ilipofika zamu ya kugawanya ranchi, si ajabu kwamba vipande vilivyo karibu na mto au barabara vilielekea kuwaangukia wao na jamaa zao. Mfugaji wa kawaida alihitimisha kuwa ni heri awe na karatasi yake mwenyewe mfukoni.

Matokeo ya karatasi hiyo yanaonekana wazi Kitengela, mahali ambapo msomaji wa Nairobi anaweza kupatazama akiwa ndani ya matatu. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, ina ukubwa wa kilomita mraba 117 pekee. Imezungushiwa ua pande zote isipokuwa kusini, kwenye Mto Mbagathi, kwa kuwa wanyama wake hawakuumbiwa kuishi humo mwaka mzima. Mvua inaponyesha, nyumbu na punda milia huvuka kuelekea nyanda za Athi na Kaputiei kufuata majani mafupi yenye madini. Kiangazi kikija, hurejea mbugani kutafuta maji. Baada ya ranchi ya Kitengela kugawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mwenye kipande alikuwa huru kuweka ua, kuchimba mawe au kumuuzia broka. Karo ya mtoto ilipotakikana Januari, ekari moja iliondoka. Nyumbu wa nyanda hizo, waliohesabiwa kuwa zaidi ya 26,000 mwaka wa 1978, walikuwa hawafiki 3,000 kufikia 2011.

Mwaka wa 2000 ulibuniwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela kodi ya kila mwaka, dola nne za Marekani kwa ekari, almuradi wasiweke ua, wasiuze, wasigawanye zaidi na wasiwadhuru wanyama. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, yakipangwa kuandamana na mihula ya shule. Hapa ndipo ninapowavulia kofia waliobuni mpango huo: walielewa kwamba adui wa nyumbu alikuwa barua ya mwalimu mkuu. Familia mia kadhaa zilijiunga na makumi ya maelfu ya ekari yakabaki wazi. Ila fedha zilitoka kwa wafadhili, na muda wa ufadhili mkubwa ulipokwisha baada ya 2012, mpango ulilegea. Wakati huo huo bei ya ekari karibu na barabara kuu ilikuwa ikipanda hadi mamilioni ya shilingi. Dola nne zingeshindanaje na hayo?

Maasai Mara wamejaribu kuliziba pengo hilo kwa kuifanya kambi ya watalii ilipe kodi yenyewe. Huko nako ardhi iligawanywa, lakini majirani wakaviunganisha tena vipande vyao kwa mikataba na kuvikodisha kwa pamoja, kama ilivyofanyika Olare Orok kuanzia 2006 na Naboisho kuanzia 2010. Kambi hulipa kwa ekari, wageni wawepo wasiwepo. Ugonjwa wa Covid-19 ulipowafungia watalii makwao mwaka wa 2020, hata kodi hiyo ilipunguzwa kwa majadiliano mahali pengi. Aidha, pesa humfikia aliyeandikwa kwenye hatimiliki, na mara nyingi huyo ni mwanamume.

Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inastahili kusomwa kwa makini kuliko inavyosomwa. Inairejesha amana kwa wenyewe. Jamii ikijisajili, ardhi inakuwa mali ya wanachama wote, na mkutano wao mkuu ndio wenye kauli. Kamati ya watu 7 hadi 15 husimamia shughuli za kila siku, lakini haiwezi kutia saini mkataba na mwekezaji, awe wa hoteli au wa biashara ya kaboni, kabla ya thuluthi mbili ya wanachama watu wazima kuukubali mkutanoni. Mwanachama hana kipande cha kumpelekea broka kwa siri. Kwa mnyama, maana yake ni kwamba njia haiwezi kuzibwa na mtu mmoja mwenye shida ya siku moja. Kwa mfugaji maana ni ile ile, kwani ng'ombe na nyumbu hufuata mvua moja.

Kwa wale ambao tayari wana hatimiliki za kibinafsi, Sheria ya Mazingira ya 1999 iliruhusu masharti ya uhifadhi kuwekwa juu ya ardhi, hata ya kudumu, yakamfuata kila atakayeinunua baadaye. Ni silaha iliyolala kabatini.

Ziko jamii zilizokwisha kujisajili, Il Ngwesi ya Laikipia ikiwa miongoni mwa za kwanza. Jamii hiyo imekuwa ikimiliki hoteli yake ya watalii tangu 1996, na pengine uzoefu huo wa kujadili mapato mkutanoni uliisaidia. Kwingineko usajili unajikokota. Upimaji ni ghali, majirani hawakubaliani mipaka, na serikali za kaunti hazina haraka. Na kwa nini ziwe nayo? Ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikiliwa na kaunti kwa niaba ya wakazi. Mradi mkubwa wa serikali ukiichukua, sheria inaagiza fidia iwekwe na kaunti kwenye akaunti hadi jamii ijisajili. Isiolo, Samburu na Turkana zimo kwenye ramani ya mradi wa LAPSSET, na barabara haingoji wazee wamalize kubishania kisima.

Wapo wanaohofia kwamba jamii ikipewa kauli itawafukuza wanyama. Hofu hiyo inasahau kwamba takriban asilimia 65 ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga na hifadhi za serikali, katika ardhi za watu ambao kwa vizazi wamelisha mifugo kando yao. Swali gumu zaidi ni la ndani ya boma. Sheria ya 2016 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi ya jamii. Kwa hiyo orodha ya wanachama inapoandikwa chini ya mti, inafaa kuangaliwa ni majina mangapi ya wanawake yamo, na kama wajane wamo, kabla ya mkutano huo kupiga kura juu ya mkataba wowote wa hifadhi.