Kuhesabu Papa Bila Kuwaua: Funzo kutoka Maji ya Mafia

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822, ilianzishwa mwaka 1995 na ndiyo hifadhi ya kwanza ya bahari nchini. Kama ilivyo kwa kila hifadhi ya aina hiyo, maamuzi ya ulinzi hutegemea swali moja: papa na taa ni wangapi, na hukaa wapi?

Kwa muda mrefu jibu lilitafutwa kwa jarife, kwa mishipi yenye ndoano nyingi, au kwa kuhesabu samaki walioshushwa pwani. Kasoro ya njia hizo ni kwamba papa na taa wengi huchelewa kukomaa na huzaa watoto wachache. Kuwavua ili wahesabiwe ni kupunguza kile kinachokusudiwa kulindwa.

Njia mbadala zipo. Katika miamba ya matumbawe, kamera yenye chambo huteremshwa majini na kurekodi wanaopita. Huchukuliwa idadi kubwa kabisa inayoonekana kwa wakati mmoja, ili samaki mmoja asihesabiwe mara mbili. Utafiti wa dunia uliochapishwa mwaka 2020 ulitumia njia hiyo katika miamba 371 ya nchi na maeneo 58, na karibu asilimia 20 ya miamba hiyo haikuonesha papa hata mmoja.

Mafia inajulikana zaidi kwa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, aliyetambuliwa kimataifa mwaka 2016 kuwa hatarini kutoweka. Madoa ya kila potwe ni ya kwake pekee, mithili ya alama za vidole. Picha ya ubavu nyuma ya matamvua hulinganishwa na programu iliyotokana na mbinu ya wanaanga ya kutambua mpangilio wa nyota. Hivyo hata picha ya mtalii huweza kuwa takwimu.

Hata hivyo, jicho lina mipaka. Potwe huonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba baadaye huhama. Watafiti waliwafunga baadhi yao vifaa vya kutoa sauti na kuweka vinasa sauti chini ya maji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kuwa wengi walibaki jirani na Mafia mwaka mzima, mbali zaidi na ufukwe na katika kina kirefu.

Matokeo hayo yana uzito wa kisera. Ulinzi wa msimu wa utalii pekee ungewaacha samaki hao bila kinga miezi ambayo hawaonekani. Aidha, eneo la Kilindoni wanakokusanyika liko nje ya mipaka ya hifadhi, ambako wavuvi hutafuta riziki kwa nyavu. Kwa sababu hiyo, usalama wa potwe unategemea pia ushirikiano wa wavuvi na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kwa mwaka mzima.