Mwalimu Si Mzazi wa Pili

Kila inapotolewa hoja kwamba walimu wafundishwe kumtambua mtoto anayeteswa na namna ya kumsaidia, jibu huwa tayari: mwalimu ni mzazi wa pili, na ulezi hausomewi. Nimelisikia kwenye vikao vya wazazi, kwenye mahafali, hata kwa walimu wakuu ninaowaheshimu. Ni kauli ya upole na inampa mwalimu hadhi. Lakini imewaumiza watoto wetu kwa muda mrefu, na mimi naikataa.

Naikataa kwanza kwa sababu nyumbani ndiko mateso mengi yanakoanzia. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana walikuwa wameonja ukatili wa kimwili, na waliotajwa zaidi ni ndugu zao na walimu wao. Kati ya waliofanyiwa ukatili wa kingono, karibu nusu ya wasichana na theluthi mbili ya wavulana hawakumwambia mtu yeyote.

Sasa tunapomtaka mwalimu atende kama mzazi, tunamtaka atende nini hasa? Katika familia nyingi, ikigundulika kwamba mjomba amemwingilia binti, kinaitwa kikao cha ukoo. Wazee wanazungumza, fidia inapangwa, binti anaambiwa anyamaze ili nyumba isiaibike. Mwalimu anayeongozwa na moyo wa uzazi peke yake naye hupita njia hiyo. Atamwita baba ofisini na kumweleza yote aliyoambiwa na mtoto, bila kujiuliza kama huyo baba ndiye anayemtesa. Jioni mtoto anarudi nyumba ileile, na safari hii siri yake imeshafichuka.

Mtoto wa namna hii aghalabu haji kusema. Husema kwa kusinzia darasani, maana usiku anaogopa kulala. Husema kwa kuchelewa, kwa kuwa njiani wapo wakubwa wanaomvizia na kumnyang'anya hela ya kula. Husema kwa daftari lililochanwa na wenzake, kwa utoro, kwa kushuka ghafla kimasomo, kwa kupigana na kila anayemgusa, kwa kukataa kuvua sweta mchana wa jua kali. Mpelekee mwalimu wa zamu orodha hiyo asubuhi mstarini. Kila kilichomo kina adhabu yake: mtoro atachapwa, mchelewaji atafagia uwanja, aliyesinzia atapiga magoti. Alama za mateso ndizo tunazoziandika kama utovu wa nidhamu, na mwalimu asiyefundishwa kuzisoma humwadhibu mtoto kwa sababu ya kuteswa kwake. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika mjadala huu, kwa sababu mwalimu huyo mara nyingi ni mtu mwema anayeamini anamjenga mtoto.

Uonevu wa wanafunzi kwa wanafunzi unalindwa na imani hiyohiyo kwamba ulezi hausomewi. Njuka wa bweni, yaani mwanafunzi mgeni, anafulishwa nguo za wakubwa, ananyang'anywa godoro, anapigwa usiku, na patroni anasema hata yeye alipitia hayo, yatakwisha. Anajibu alivyolelewa. Ndivyo tunavyorithishana maumivu kutoka kidato hadi kidato.

Oktoba 2016 nchi nzima iliona video kutoka sekondari ya kutwa Mbeya, ambamo vijana waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha walimshambulia mwanafunzi mmoja kwa ngumi na mateke ndani ya ofisi ya walimu. Tulikasirika, wakafukuzwa vyuoni, tukaridhika. Swali la vyuo likabaki pale pale. Vijana wale walikuwa wamefundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Nani aliwafundisha kuzuia mkono wao mbele ya mtoto aliyewaudhi?

Na mambo haya yanafundishika. Luwero, Uganda, shule za msingi 42 ziliingizwa kwenye utafiti kati ya 2012 na 2014. Nusu yake zikapewa mpango wa shirika la Raising Voices wa kubadili mwenendo wa shule nzima. Baada ya miezi 18, ukatili wa kimwili kutoka kwa watumishi wa shule ulikuwa umepungua kwa asilimia 42. Hapa Tanzania, Mabula Nkuba na wenzake walijaribu mafunzo ya siku tano na nusu kwa walimu wa sekondari za serikali, wakachapisha matokeo 2018: adhabu kali zilipungua, na wanafunzi wenyewe walilithibitisha hilo.

Mafunzo ninayoyadai yana mambo ya kushikika. Mwalimu ajue kumsikiliza mtoto bila kumhoji kama askari. Asimwahidi siri ambayo hataweza kuitunza. Aandike maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa. Ajue kwamba aliyebakwa anatakiwa kufika hospitali ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia VVU zimfae, kwa hiyo kusubiri kikao cha Jumatatu ni kumtupa. Ajue simu ya bure 116, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake kwa jina. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki zake aziripoti serikali za mitaa. Walimu wangapi waliwahi kukisoma?

Wapo wanaohofia kwamba watoto watawasingizia watu. Kazi ya mwalimu si kuhukumu. Anapokea, anaandika, anaripoti, na ukweli unatafutwa na wenye mamlaka hayo. Hofu ninayoiheshimu ni ya mwalimu wa kijijini aliyepanga chumba kwa ndugu wa mtuhumiwa. Huyo tusimwachie mzigo peke yake. Taarifa itoke kwa jina la shule, ikiwa na saini ya mwalimu mkuu, na halmashauri iwe tayari kumhamisha haraka akitishwa. Na chuo kisimruhusu kijana kwenda mazoezi ya kufundisha kabla hajaonyesha, mbele ya mkufunzi wake, kwamba anajua la kufanya mtoto anapomwambia, "Mwalimu, naogopa kwenda nyumbani."