Daktari Akikukatiza, Usinyamaze

Mama mmoja hapa Kibondo aliniletea mtoto mwenye homa. Kabla hajaeleza, nikamkatiza: tangu lini? Anakohoa? Anaharisha? Alijibu yote. Alipofika mlangoni ndipo akageuka: "Daktari, jana usiku alishikwa na degedege." Hiyo ni dalili ya hatari. Nusura nimrudishe mtoto nyumbani nayo.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 1984 ulionyesha kuwa madaktari waliwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Mwingine wa Uswisi, mwaka 2002, ulionyesha kuwa mgonjwa akiachwa aseme, humaliza kwa wastani wa sekunde 92. Si dharau kila mara. Foleni ndefu na kudhani tumeshajua jibu hutuponza.

Wewe ufanyeje? Anza na linalokutia hofu zaidi. Ukikatizwa, sema: "Samahani daktari, sijamaliza." Kiswahili kikikupa shida, omba anayejua Kiha akusaidie. Baba au bibi uliyesindikiza, mwache mama amalize kwanza.

Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akilegea, litaje hilo hata katikati ya swali langu. Sitakasirika.