Nani Amdhamini Mtoto wa Miaka Sita?

Katika kikao cha kamati ya klabu yetu mwezi uliopita, nilinyoosha mkono kuunga mkono hoja ambayo leo naandika kuipinga. Hoja yenyewe ilikuwa fupi: watoto wote wanaokuja kujifunza kriketi Jumamosi asubuhi wajaze fomu, walipe ada ya shilingi elfu thelathini kwa muhula, na kila mmoja awe na mwanachama wa kumdhamini. Ilipita bila mjadala mrefu. Magharibi ilikuwa imekaribia, sote tulikuwa na njaa, na mweka hazina alikuja na hesabu zilizopangika vizuri. Jumamosi iliyofuata, kati ya watoto arobaini na kitu niliozoea kuwaona, walikuja kumi na mmoja. Binti yangu, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa mmoja wao. Aliniuliza wenzake wameugua nini.

Nieleze kwanza mambo yanavyokwenda hapo uwanjani, kwa kuwa najua wasomaji wangu wengi, hasa wanafunzi, wanaujua mchezo huu kwa kuupita tu kwenye televisheni wakitafuta soka. Klabu yetu ipo Dar es Salaam, kandokando ya barabara ya daladala. Ng'ambo ya barabara kuna mtaa wa nyumba za kupanga, vyumba vimepangana, uani hakuna nafasi hata ya kuanika kanga mbili. Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, mlinzi alikuwa akifungua geti na watoto wa miaka mitano hadi minane wakiingia mbio, wa wanachama na wa ng'ambo, bila kuulizwa jina.

Hawapewi mpira wa ngozi. Mpira halisi wa kriketi una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ugumu wa kokwa la embe lililokauka. Hauwezi kumfundisha mtoto wa miaka sita kitu chochote isipokuwa woga. Hutumia mipira ya tenisi, bati za plastiki, na kreti la soda badala ya vijiti vitatu vya wiketi. Njia ya kurushia mpira, ambayo kwa wakubwa ni mita ishirini na ushee, hukatwa nusu. Kila mtoto hupiga, kila mtoto hurusha, na anayetolewa haondoki kwenda kukaa kivulini akilia, bali timu yake hupunguziwa mbio kadhaa na yeye akaendelea. (Nimeandika “bati”. Najua wapo watangazaji wanaosema “gongo”, na kwa lugha hawakukosea. Ila mzazi mmoja aliposikia kwamba mwanawe anapewa gongo kila Jumamosi asubuhi alikuja getini akiwa mkali kwelikweli, na tangu siku hiyo sisi tunasema bati.)

Kitu kilichonishangaza mwaka wa kwanza ni wasichana. Nilidhani wavulana wanaocheza chandimu kutwa ndio wangeuweza mchezo upesi. Haikuwa hivyo. Waliouweza upesi ni wasichana wa ng'ambo ya barabara, na sababu yake ni rede. Msichana aliyekulia kwenye rede amekwishajifunza, kabla ya kufika kwetu, kulenga mtu anayekimbia, kudaka mpira unaokuja kwa kasi bila kufumba macho, na kusoma mkono wa mrushaji kabla mpira haujamtoka. Mwalimu wetu alikuwa akiwaweka mstari wa mbele siku ya kwanza ili wavulana waone namna ya kudaka. Jambo lililowashinda wote, wa kike kwa wa kiume, ni kurusha kwa mkono ulionyooka, kwa kuwa sheria ya kriketi hairuhusu kiwiko kukunjuka mpira unapotoka kama anayetupa jiwe. Mwalimu huwaambia mkono uzunguke kama gurudumu la cherehani. Kuna mtoto mmoja wa kiume, wa mama anayeuza vitumbua karibu na geti, aliyelifanyia kazi gurudumu hilo miezi minne, peke yake, akirusha kokoto ukutani siku za wiki. Alipofaulu mara ya kwanza alisimama katikati ya uwanja, mkono bado uko juu, hajui afanye nini baada ya hapo.

Huyo ni mmoja wa ambao hawakuja.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana fomu hii ina ukoo. Viwanja vya kriketi vya mji huu havikuzaliwa vikiwa vya watu wote. Wakati wa ukoloni Gymkhana ilikuwa ya Wazungu. Wenye asili ya Bara Hindi walijijengea viwanja vyao, mara nyingi kwa kufuata jumuiya zao za dini, na wakacheza kwa ustadi ambao Wazungu hawakuweza kuudharau kwa muda mrefu. Mwafrika alikuwa hapo pia: alikata nyasi, alivuta roli la kusawazisha uwanja, aliokota mpira uliovuka mpaka na kuurudisha kwa adabu. Timu ya Afrika Mashariki ilipokwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1975, ikikusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wengi wao walikuwa na asili ya Asia; Waafrika weusi walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, miongoni mwao Sam Walusimbi na mwandishi John Nagenda, wote wa Uganda. Ilipoteza mechi zake zote tatu. Nyumbani, baada ya utaifishaji wa majumba wa 1971, familia nyingi za Kiasia zilihama, na viwanja vikabaki na wazee wachache, nyasi ndefu na mbuzi.

Wanafunzi wangu humsoma C.L.R. James kwa ajili ya Mapinduzi ya Haiti, na wengine wanajua kwamba alilisifu Azimio la Arusha. Wachache hufungua kitabu chake cha kriketi, Beyond a Boundary, cha 1963. Wanakosa. Humo James anasimulia jinsi klabu za Trinidad ya ujana wake zilivyopangwa kwa rangi na tabaka: ya Wazungu matajiri, ya polisi, ya wenye rangi nyepesi, ya weusi wa maisha ya chini. Yeye alikuwa mweusi aliyesoma, na ilimpasa kuchagua. Alijiunga na Maple, klabu ya wenye rangi nyepesi na nafasi zao, akaiacha Shannon ya watu weusi wa kawaida. Anakiri waziwazi kwamba uamuzi huo ulimtenga na wananchi na kumchelewesha kisiasa kwa miaka. Nimekifundisha kitabu hicho zaidi ya mara tano. Nimekitungia maswali ya mtihani. Kisha nikaenda kwenye kikao na kunyoosha mkono.

Baada ya Jumamosi ile nilikwenda kwa mama wa vitumbua. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba ada ya mwanawe ningeilipa mimi, na nadhani nilikuwa nimeanza kujisikia vizuri kwa ukarimu wangu.

“Mwalimu,” aliniambia huku akigeuza vitumbua, “hela ningeitafuta. Ile karatasi ndiyo imenishinda. Imeandikwa kazi ya mzazi. Nikaandika. Imeandikwa mwanachama anayemfahamu mtoto. Sasa nani hapo ndani anamfahamu mwanangu?”

“Mimi namfahamu, dada.”

“Haya. Anaitwa nani?”

Nilikuwa namjua kwa jina la utani alilopewa na wenzake. Jina lake halisi sikulijua. Alinifungia vitumbua vinne kwenye gazeti na kukataa kupokea pesa, jambo ambalo lilikuwa kali kuliko kama angenitukana.

Ndugu zangu watumishi wa umma mnaonisoma mtanielewa hapa upesi kuliko wengine, kwa sababu fomu ni kazi yenu ya kila siku. Mstari mmoja kwenye karatasi unaweza kufukuza watu wengi kuliko askari mlangoni, na haumpigi mtu kelele wala haumwachii alama. Hatukusema watoto wa ng'ambo wasije. Tungesema hivyo, nusu ya kamati ingeondoka kikaoni kwa hasira. Tulichosema ni kwamba kila mtoto awe na mdhamini, maneno ambayo yanasikika kama busara, na ambayo mtoto wa mwanachama huyatimiza akiwa bado amelala, ilhali mtoto wa ng'ambo hawezi kuyatimiza hata akikesha.

Simdharau mweka hazina. Hesabu zake ni za kweli. Mipira ya tenisi hupotea kwa wingi wa ajabu. Nusu yake, naamini, inachezewa rede hivi sasa. Kuna posho ya mwalimu, maji ya kunywa, kukata nyasi. Vilevile alitoa hoja ya usalama, nayo ni nzito: mtoto akivunjika jino, tunampigia nani? Hoja hiyo inahitaji jina la mtoto, jina la mzazi au mlezi, na namba ya simu. Basi. Kazi ya mzazi haiungi jino. Kuhusu fedha, klabu hukodisha ukumbi wake kwa harusi na vikao vya send-off karibu kila wiki, na kiasi kinacholipwa kwa usiku mmoja wa mwisho wa mwezi kinatosha mipira na maji ya watoto kwa muda mrefu. Nimekaa na vitabu vya hesabu jioni mbili kujiridhisha. Kazi hiyo nilipaswa kuifanya kabla ya kupiga kura.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nihangaike na mchezo wa wachache wakati shule za msingi hazina madawati ya kutosha. Ni swali halali. Jibu langu lipo kwa jirani zetu wa kaskazini. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Iliifunga Sri Lanka pale Nairobi, Collins Obuya akiangusha wiketi tano. Ikaifunga Bangladesh na Zimbabwe. Ikazuiwa na India mjini Durban. Nilikumbuka kikosi kile hivi karibuni nikahesabu majina. Walikuwa wachezaji kumi na watano. Watatu walikuwa ndugu wa nyumba moja: Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya. Wawili wengine walikuwa ndugu wa nyumba nyingine, Martin na Tony Suji. Theluthi ya timu ya taifa ilitoka katika familia mbili! Wakati ule tulilisimulia jambo hili kama hadithi tamu. Leo nalisoma kama onyo, kwa sababu maana yake ni kwamba ujuzi ulikuwa ukipita kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake, na kwamba nje ya nyumba chache zilizobahatika mlango ulikuwa mwembamba mno. Kizazi kile kilipozeeka hakukuwa na watoto wa kutosha nyuma yake. Migogoro ya viongozi iliongeza yake, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Sisi Tanzania hivi sasa tuko kwenye furaha. Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walishinda mashindano ya kufuzu mjini Lagos mwaka 2025 na kuipa nchi tiketi ya Kombe la Dunia la umri huo kwa mara ya kwanza. Fatuma Kibasu amepiga zaidi ya mbio mia katika mechi ya kimataifa, na si mara moja. Chama cha kriketi kimeupeleka mchezo kwenye shule za serikali, na ni kazi hiyo, zaidi ya klabu zetu, iliyoleta majina haya. Lakini shule hutoa mwalimu na saa moja kwa wiki; nyasi, nyavu na roli vipo kwetu, nyuma ya geti. Mtoto wa miaka sita anayerudishwa getini mwaka huu ndiye ambaye mwaka 2039 tutamtafuta kwa tochi.

Katika kikao kile mtu mmoja hakunyoosha mkono. Ni mzee wa Kihindi, mwanachama tangu kabla ya Azimio la Arusha, mtu wa maneno machache. Nilimfuata juzi kumuuliza kwa nini hakuzungumza. Alisema baba yake alikuwa mpigaji bora wa mtaa wao na hakuwahi kukanyaga nyasi za Gymkhana hata siku moja, kwa kuwa hapakuwa na wa kumtambulisha. “Nilifikiri nyote mnajua,” akasema.

Mkutano mkuu wa wanachama ni mwezi ujao. Nimeandika hoja ya kufuta ada na udhamini kwa watoto wa chini ya miaka kumi, na kuweka fomu ya mistari mitatu. Katiba ya klabu inadai sahihi za wanachama kumi ili hoja iingie kwenye ajenda. Ya kwanza ni ya mzee huyo. Mpaka leo asubuhi zilikuwa saba. Daftari liko kwa mlinzi, getini, na mwisho wa kutia sahihi ni Ijumaa saa kumi jioni.