Afya Yetu: Jino Linaposhtuka kwa Maji Baridi

Chini ya ganda jeupe la jino mna dentini, ambayo kwa uzito madini yake ni kama sehemu 70 katika 100. Imepenywa na vijitundu vyembamba mno vyenye majimaji, vielekeavyo kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu. Ndiyo sababu ganda likitoboka, maji baridi huchoma. Chembe zilizoijenga dentini hukaa ukingoni mwa kiini hicho, nazo huweza kuongeza nyingine kidogo. Lakini uozo ukiifikia huenea upesi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, bali ganda la jino halijengeki tena. Basi likishtuka, mwendee daktari wa meno lingali la kuzibwa. Ukingoja likukeshe, huenda likang'olewa.