Waraka kwa Wakutubi Wenzangu: Katalogi Tusiwaachie Mafundi

Kwa: Wakutubi wa maktaba za shule, vyuo na za umma, Kahama, Msalala na Ushetu, pamoja na majirani zetu wa Shinyanga na Geita

YAH: KUJIFUNZA KATALOGI YA KWENYE MTANDAO

Ndugu zangu,

Kila tukikutana, mazungumzo huanzia kwenye vitabu yakaishia kwenye kompyuta, na yakifika hapo tunagawanyika. Waliotoka chuo cha ukutubi Bagamoyo juzijuzi wanasema tumechelewa. Wenye mvi wanasema wameshaona mengi yakija na kupita. Sisi wa katikati tunatazama saa. Naandika kuwaomba tuache kutazama saa.

Niseme kabisa kwamba mimi si shabiki wa mambo haya. Napenda droo ya kadi: unaivuta, unapekua kwa kidole, na kadi iliyochakaa pembeni inakuambia kitabu gani kinaazimwa sana. Kompyuta hunipa habari hiyohiyo kwa usahihi zaidi, nakubali, ila hainipi raha ile. Tena kila mfumo mpya huja na semina, fulana na ahadi, na ukifika mwaka wa tatu aliyeuleta hapatikani kwenye simu.

Wenye mvi wana hoja, na hoja yao ina historia hapahapa kwetu. Kuanzia 1968 hadi 1972 Shinyanga ilikuwa ndani ya mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, wa Serikali na UNESCO, makao yake Mwanza. Miaka ya 1970 likaja gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, na maktaba za vijiji zikafunguliwa ili aliyejua kusoma asije akasahau. Kwa wakati wake huo ulikuwa ndio utaalamu mpya. Nguvu ya mradi ilipopungua, makabati mengi yalibaki na vitabu vilevile hadi vikachakaa. Kwa hiyo mzee anapouliza "hii nayo itadumu?" tusimcheke.

Lakini swali hilo linajibiwa na anayeujua mfumo, hawezi kulijibu anayeukwepa. Niwape mfano wa mezani.

Mtoto wa darasa la sita anakuja kuulizia kitabu cha "kirimo cha mpunga". Huku Usukumani r na l hubadilishana viti bila ugomvi, na mkutubi yeyote anamwelewa, anampeleka kwenye rafu ya 633. Sasa mweke mtoto huyohuyo mbele ya katalogi ya kompyuta, aandike kama alivyotamka. Hakuna kitabu. Aandike vizuri, "kilimo cha mpunga". Bado hakuna, ilhali kitabu kiko hatua chache nyuma ya kiti chake. Hapo kosa si la mtoto wala si la mashine. Rekodi ya kitabu hicho ilichotwa kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani ili kuokoa muda. Maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki, ndiyo maana hata vitabu vyetu vya Kiswahili vimo. Rekodi imekuja na kila kitu, ila vichwa vya mada ni vya Kiingereza.

Katika MARC, mpangilio ule aliousimamia Henriette Avram kwenye maktaba hiyohiyo miaka ya 1960, mada hukaa sehemu ya 650. Unafungua rekodi, unaongeza 650 nyingine, unaandika "Kilimo cha mpunga", unahifadhi. Basi. Hata "kirimo" ina pa kukaa: kwenye faili la mada sanifu kuna nafasi ya maumbo mengine ya neno, na mfumo ukipangwa hivyo, mtoto akikosea bado anafikishwa kwenye kitabu. Fundi wa kompyuta anaweza kuifanya kazi hii kwa vidole, lakini hajui kwamba watoto wa Kahama huuliza hivyo. Wewe unajua. Umekaa kwenye meza ile miaka.

Kuhusu gharama, mfumo unaozungumzwa zaidi ni Koha. Haukuzaliwa kwenye jiji kubwa. Ulitengenezwa mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, wilaya ya mashambani huko New Zealand, ambazo mfumo wao wa zamani ulihofiwa kukwama mwaka 2000 ukiingia. Ulianza kazi Januari 2000, na programu yake ikaachwa wazi kwa yeyote. Hauna leseni ya kulipia kila mwaka. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba unaweza kukaa kwenye kompyuta moja ndani ya jengo, nyingine zikaunganishwa nayo kwa waya, na wasomaji wakatafuta vitabu bila bando hata chembe. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na nchi nzima ikahangaika na intaneti, katalogi iliyokaa hivyo isingepata shida yoyote. Umeme ni habari nyingine, na hapo nawaachia TANESCO na betri ya akiba.

Wala daftari la kuingizia vitabu lisitupwe. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia British Library, London, na katalogi yake ikapotea mtandaoni hadi Januari 2024. Ikiwa wao yamewapata, sisi tuchukue nakala rudufu kila Ijumaa, flashi moja ibaki ofisini na nyingine iende kwingine.

Jambo jingine ni siri za wasomaji. Zamani kitabu kikirudi, kadi yake ilirudi mfukoni na habari ikaishia hapo. Mfumo hukumbuka, na husahau pale tu unapoamriwa kusahau. Koha ina mpangilio wa kufuta historia ya uazimaji, lakini lazima mtu auwashe. Aliyeazima kijitabu cha talaka au cha dawa za UKIMWI ana haki ya jambo hilo kutojulikana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 ipo upande wake. Mkutubi asiyejua mpangilio huo ulipo atamlinda vipi?

Na mji wetu wa Kahama nao umebadilika. Mgodi wa Buzwagi, uliofunguliwa 2009, ulisimamisha uzalishaji 2021. Leo kijana anatafuta ajira, mkopo wa chuo, au leseni ya uchimbaji mdogo, na yote hayo huombwa mtandaoni. Asiyejua hupeleka namba yake ya NIDA na nenosiri lake steshenari, akalipa, akaondoka. Kumsaidia kijana huyo ilikuwa kazi ya maktaba, nayo imetuponyoka tukiwa tumekaa.

Naomba basi mambo machache. Kila mmoja aandike maneno ambayo wasomaji wake hutumia kuulizia vitabu, kama yanavyotamkwa, bila kuyasahihisha. Walio na mwajiri anayesikiliza waombe saa za kujifunza ziwe ndani ya saa za kazi; kujifunza usiku kwa bando lako mwenyewe ndiko kumetufanya tuchukie jambo hili. Vijana wafundishe vitufe, wazee wafundishe mada na madaraja ya Dewey, maana rekodi nyingi za vijana, mtanisamehe, zina mada moja tu kwa kitabu kizima. Na mfumo wowote ukiletwa, kabla ya kusaini tuulize: rekodi zetu tutaweza kuzitoa zote kwa MARC siku tukiondoka? Jibu likiwa na kigugumizi, tukatae.

Kwenye kikao kijacho kila mtu aje na kitabu kimoja, tuandike rekodi papo hapo. Kiwe cha Kiswahili, na kiwe kile ambacho wasomaji wako hukiulizia kwa jina lisiloandikwa kwenye jalada.

Wenu katika kazi,
Mkutubi mwenzenu, Kahama